Mkate wa Aliyekatazwa Ngano

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mkate. Wala si mkate wa mafumbo, bali mkate huu huu wa kuliwa, unaonunuliwa alfajiri pamoja na sukari ya chai, na khasa yanamhusu mtu ambaye mwili wake umeukataa mkate huo, akawa hana budi kuuacha unga wa ngano na kila kilichotengenezwa kwa unga huo kwa muda wote wa uhai wake. Mtu wa namna hii akiwa Lisbon au London huingia dukani akakuta rafu nzima ya vyakula vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Akiwa Quitunda, kijiji cha wilaya ya Palma kaskazini mwa Msumbiji, hana rafu hiyo, na aghalabu hushikwa na dhana kwamba amehukumiwa kuishi bila ya mkate. Nia yangu ni kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi, kwa kuwa pwani yetu ilikuwa na mikate yake isiyo ya ngano kabla ya ngano kuzoeleka katika chai yetu ya asubuhi. Na pia kuonyesha kwamba kuirudia mikate hiyo kunataka elimu, na zaidi ya elimu kunataka shamba.

Tuanze na ngano yenyewe. Ndani ya punje yake mna protini za namna mbili, gliadini na glutenini, ambazo unga ukitiwa maji na kukandwa hushikana zikawa kitu kimoja chenye kunyambuka bila ya kukatika, na kitu hicho ndicho kiitwacho gluteni. Kwa ajili yake manda za sambusa hukubali kusukumwa mpaka zikapenya nuru, na kwa ajili yake mkate wa dukani huumuka: hamira hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa, na gluteni hufanya kazi ya wavu, ikainasa hewa ile isitoroke, donge likafura, na moto ukalikausha katika hali ile ile ya kufura. Shayiri, na ile nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, zina protini za ukoo huo huo. Mchele hauna, mahindi hayana, mtama, uwele, ulezi na muhogo havina.

Kwa watu walio wengi gluteni haina dhara lolote. Lakini wako watu, nao hukadiriwa kuwa kiasi cha mmoja katika kila mia duniani, ambao kinga ya miili yao huidhania gluteni kuwa adui, na katika kuishambulia huujeruhi utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe. Utumbo huo una vinyweleo vidogo mno kwa ndani, visivyoonekana kwa macho matupu, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula na kukiingiza katika damu; vinyweleo hivyo hulala, hufupika, mwisho hufutika, na mtu akawa anakula na kushiba ilhali mwili wake unakufa njaa. Huhara, tumbo hujaa hewa, hukonda, damu humpungukia, na akiwa mtoto hudumaa, asirefuke wala asinenepe. Maradhi hayo huitwa siliaki. Hayaambukizi, asili yake imo katika damu ya ukoo, na hata leo hayana dawa ila moja, nayo ni kuiacha gluteni kwa ukamilifu, si kwa kuipunguza.

Ni ajabu kwamba wanadamu waliyajua maradhi haya kwa karne nyingi pasipo kujua sababu yake. Tabibu wa Kiyunani, Aretaeus wa Kapadokia, aliyaeleza zama za dola ya Kirumi. Na mwaka 1888 tabibu Samuel Gee wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, aliandika kwamba mgonjwa wa namna hii akipona, atapona kwa chakula. Alilosema lilikuwa kweli, lakini hakujua ni chakula gani cha kuondolewa. Aliyekijua ni Mholanzi, Willem Karel Dicke, mkuu wa hospitali ya watoto mjini The Hague, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano. Ulipofika msimu wa baridi wa mwaka 1944 kuingia 1945, wakati Uholanzi imekaliwa na majeshi ya Kijerumani na njia za chakula zimekatwa, mkate uliadimika kabisa, na watu wa mijini wakafikia kula hata mizizi ya maua. Katika dhiki hiyo, ambamo watoto wazima walidhoofika, watoto wa Dicke wenye siliaki walipata nafuu. Na mkate uliporejea, maradhi yao yakarejea pamoja nao. Bwana yule hakuridhika na ushahidi wa njaa peke yake. Vita vilipokwisha aliwapima wagonjwa wake kwa uangalifu mkubwa, mara wakila ngano na mara wakiiacha, akayakusanya matokeo katika tasnifu aliyoitoa Utrecht mwaka 1950, na tangu hapo ilimu ya maradhi haya ikawa na njia. Kila nikimfikiria tabibu huyu namheshimu kwa jambo moja, kwamba katika mwaka ambao kila jicho lilikuwa likimtazama aliyedhoofika, yeye alimwona pia aliyepata nafuu, na akauliza kwa nini.

Huenda msikilizaji akasema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Lakini kuna kisa cha Afrika chenye uzito zaidi. Watu wa Sahara Magharibi, waliokimbia makwao tangu mwaka 1975 na kukaa katika kambi za Tindouf nchini Aljeria, walipimwa watoto wao 990, na habari zake zikachapishwa mwaka 1999: walioonekana kuwa na siliaki walikuwa kiasi cha asilimia 5.6, kiwango kikubwa kupita kile kilichopata kuonekana katika taifa lolote la Ulaya. Watu hao asili yao ni wafugaji wa ngamia, walioishi zaidi kwa maziwa, nyama na tende. Na katika maisha ya kambini, chakula chao kikuu kikawa mkate wa ngano. Nawataja kwa sababu mnaonisikiliza Quitunda mnaijua hali ya mtu kuhamishwa mahali pake, na mnajua kwamba mwenye kuhamishwa hubadilishiwa chakula kabla hajaulizwa.

Hata hivyo nawasihi msiharakishe kujipa jina la maradhi. Huku kwetu tumbo lenye kuhara na kujaa hewa lina sababu nyingi zilizo karibu zaidi kuliko ngano: minyoo, amiba, jiadia, maji machafu, na kwa watu wazima wengi maziwa yasiyogandishwa. Yafaayo kutafutwa kwanza ni hayo, katika zahanati iliyo karibu, kwa kupima choo. Na yakiisha kuondolewa na hali ikabaki ile ile, ndipo aulizwe tabibu juu ya kipimo cha damu cha siliaki, ambacho hupatikana katika hospitali kubwa, na baada yake, ikihitajiwa, kipimo cha kipande kidogo cha utumbo. Na jambo hili lishikwe sana: mtu asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu akiiacha, alama za maradhi hupungua katika damu, kipimo kikasema hana, naye akabaki maisha yake yote baina ya shaka na yakini. Wala mwenye siha njema hapati faida yoyote kwa kuiacha. Tangu mwaka 2016 sheria ya Msumbiji imeagiza unga wa ngano utiwe madini ya chuma na vitamini, na mama mjamzito anayeuacha bila sababu hujinyima chuma hicho. Anayeuacha kwa sababu ya maradhi hana budi kukitafuta mahali pengine, katika matapa ya majani ya muhogo, katika kunde na choroko, na katika dagaa.

Sasa nije Quitunda penyewe. Kijiji hiki kilijengwa kwa ajili ya watu wa rasi ya Afungi, waliotolewa Quitupo, Milamba na vitongoji vingine ili kupisha mitambo ya gesi, na jamaa za kwanza ziliingia katika nyumba zake za matofali na mabati mwaka 2019. Waliokuwa wakiamka na kuiona bahari mlangoni sasa wako mbali nayo, na waliokuwa na minazi na mihogo nyuma ya nyumba waliandikiwa fidia, lakini wengi wao walingoja mashamba mapya kwa muda mrefu. Na juu ya hayo pakawa na vita vya waasi wa Cabo Delgado. Hata kabla ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, njia za kuingia wilayani zilikuwa zimefungwa na vyakula vya madukani vimeadimika. Na baada ya siku ile maelfu ya watu walikimbilia Quitunda, nyumba moja ikabeba jamaa kadhaa. Naikumbusha habari hii kwa sababu inafungamana na mkate. Msumbiji hulima ngano kidogo mno, na karibu yote inayoliwa nchini huja kwa meli; bei yake huamuliwa na ukame wa nchi nyingine na vita vya watu wengine. Mwezi wa Septemba 2010, bei ya mkate ilipopandishwa, watu wa Maputo na Matola walitoka barabarani, roho za watu zikapotea, na serikali ikalazimika kuirudisha nyuma bei ile. Mkate ulio mwishoni mwa safari ndefu namna hiyo, ukapita Pemba na kupanda kaskazini kwa njia ya vita, ni chakula kisichotegemeka hata kwa yule ambaye tumbo lake halina kinyongo nacho.

Na wazee wetu hawakuutegemea. Ibn Battuta, aliyezuru pwani hii mwaka 1331, alipoeleza karamu aliyoandaliwa Mogadishu alitaja wali uliopikwa kwa samli pamoja na vitoweo vyake. Na wali, mtama na nazi ndivyo vilivyobeba jiko la pwani kwa karne nyingi. Muhogo nao ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazili, na mahindi vilevile yalivuka bahari. Lakini wageni hawa walipewa shamba, wakazaa humu humu, ilhali ngano ilibaki abiria wa meli. Kwa nafaka hizo na mizizi hiyo bibi zetu walipika mikate ya kila namna: mofa za mtama zilizookwa katika tanuri la udongo, vibibi vya mchele vyenye matundu vinavyoliwa na tui, vitumbua vya asubuhi, na mkate wa kumimina ambao hakuna hitima, maulidi wala futari iliyokamilika pasipo kuwako. Hakuna hata mmoja katika hiyo ulio na chembe ya gluteni kwa asili yake. Naliona jambo hili kuwa kubwa. Huko Ulaya mgonjwa wa siliaki hulipa fedha nyingi kununua mkate mdogo mkavu uliotiwa gundi za kiwandani ili ufanane na mkate wa ngano. Na mtoto wa Quitunda mwenye maradhi hayo hayo akipewa kitumbua cha moto hali chakula cha mgonjwa, bali hula chakula cha watu wote.

Niuangalie mkate wa kumimina kwa karibu, kwa sababu ndio mwalimu mzuri kwa anayeanza. Mchele huoshwa na kurowekwa usiku kucha, mpaka punje ikibanwa baina ya kidole gumba na cha shahada ivunjike bila ubishi. Nazi hukunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu, na tui la kasimile, yaani lile la kwanza lililo zito, ndilo la kusagia mchele ule. Zamani kazi hii ilikuwa ya kinu na mchi na chekecheke, ukatwanga, ukachekecha, ukarudi kutwanga. Leo mwenye umeme hutumia mashine ndogo ya jikoni, na asiye nao hununua unga wa mchele uliosagwa, ingawa mchele uliorowekwa una utamu wake ambao unga mkavu hauufikii. Hutiwa hamira kidogo na iliki iliyopondwa. Aliyekosa hamira alikuwa akitia tembo la mnazi lililogemwa siku hiyo, nalo lilifaa vile vile, kwa kuwa lina chachu yake lenyewe. Uji huo ukiinuliwa kwa upawa sharti utiririke pasipo kukatika. Ukianguka kwa mabonge ni mzito, ukikimbia kama maji ni mwepesi. Hufunikwa kwa kitambaa mpaka viputo vikajaa juu, jambo ambalo kwa joto letu halichukui muda, na sukari iliyo nyingi hutiwa baada ya hapo, kwani ikitangulia huilemea hamira.

Sufuria ipakwe mafuta na ipate moto kwanza, ndipo uji umiminwe. Moto wa chini uwe haba, makaa machache tu katika seredani, na usiguswe tena mpaka kingo zianze kuachana na sufuria na uso wote uwe umetoboka vitundu; hapo ndipo sufuria hufunikwa kwa bati, makaa yakahamishiwa juu ya bati, na mkate ukapata rangi ya dhahabu upande wa juu. Mpishi aliye hodari huujua kwa harufu kabla ya kufunua. Mkate huu haukuhitaji gluteni kwa sababu haukukusudiwa kusimama mrefu: wanga wa mchele ukipata moto huganda upesi, viputo vikabaki mahali vilipokuwa, na ulaini wake hutoka katika mafuta ya nazi.

Walakini yuko atakayesema kwamba anataka mkate wa kukatwa vipande na kupakwa siagi, kama wanaokula wenzake, na haki hiyo anayo. Kwake yeye siri ni kupata kitu cha kushika hewa mahali pa gluteni, na jiko letu linacho: uji. Chukua unga wa mchele vikombe viwili na wanga wa muhogo kikombe kimoja. Toa robo kikombe ya unga ule wa mchele, uukoroge katika vikombe viwili vya maji juu ya moto mpaka uwe uji laini wenye kunata, kisha uuache upoe ubakie na uvuguvugu. Ongeza unga na wanga uliosalia, mayai mawili yaliyopigwa, hamira kijiko kidogo kimoja na nusu, sukari kijiko kikubwa, chumvi, na mafuta vijiko vikubwa viwili, upige kwa mwiko kwa nguvu. Usitazamie donge la kukandwa. Litakalopatikana ni uji mzito, na ukiona haukandiki usiongeze unga, kwa sababu hapo ndipo wengi huuharibu mkate wao ukawa jiwe. Mimina katika chombo cha bati kilichopakwa mafuta, usipite nusu yake, uache uumuke mpaka ukaribie ukingo.

Asiye na jiko la kuokea achukue sufuria kubwa, atie mchanga mkavu safi wa kimo cha vidole viwili, auweke mekoni mpaka mchanga upate moto barabara, kisha aweke chombo chake juu ya mchanga, afunike, na makaa mengine ayatandaze juu ya kifuniko. Baada ya kiasi cha saa nzima mkate huwa umeiva. Kijiti kikichomwa katikati hutoka kikavu. Usikatwe ungali moto, utanata kisuni na kuonekana mbichi. Uache upoe kabisa. Siku ya pili huwa mgumu, na dawa yake ni kuuchoma kidogo juu ya kikaango au kuutia mvuke.

Nimetaja muhogo, na hapa nataka sauti yangu isikiwe na kila mpishi, kwa sababu mtu anayeacha ngano huingia katika muhogo kwa wingi kuliko jirani zake. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, ambayo huondoka ikitayarishwa vyema na kubaki ikiharakishwa, tena huzidi mwaka wa ukame. Mwaka 1981, jirani zetu wa mkoa wa Nampula walipopatwa na ukame na njaa ikawakimbiza kula muhogo usiokaushwa vya kutosha, watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ghafla, wala hawakupona. Wamakua wakayaita maradhi hayo mantakassa. Kongo huitwa konzo, na kusini mwa Tanzania nako yamewahi kuonekana. Waliokuwa wakila samaki, kunde au nyama pamoja na muhogo wao walisalimika zaidi, kwani mwili huhitaji protini ili kuishinda sumu hiyo.

Basi muhogo mchungu umenywe, urowekwe majini siku tatu mpaka ulainike, uanikwe juani ukauke kabisa, ndipo utwangwe. Na unga wake ukiisha kutwangwa, iko njia nyingine iliyobuniwa na mwanakemia wa Australia, Howard Bradbury, ikajaribiwa Msumbiji na kutumiwa katika vijiji vya Kongo, nayo ni sahali mno. Tia unga wa muhogo katika beseni, uusawazishe, uweke alama ya kimo chake kwa ndani. Mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka chini ya alama, kisha kadiri maji yanavyozidi utapanda tena, na ukifikia alama ile, acha. Utandaze juu ya mkeka safi, tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, na sumu iliyosalia itaruka hewani kwa sehemu kubwa. Unga huo upikwe siku hiyo hiyo. Wanga nao, ule upatikanao kwa kukuna muhogo mbichi, kuukamua katika kitambaa kwa maji mengi na kuacha weupe utuame, huwa umeoshwa, na sumu iliyo nyingi imemwagwa pamoja na maji yake.

Hayo yote yanahitaji muhogo wa kuanzia, na muhogo hauoti barazani. Tufani Kenneth iliyopiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019 iling'oa mazao mengi yaliyokuwa yamesimama. Na ukiacha tufani, uko ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliotambuliwa kwanza Amani, Tanganyika, katika miaka ya 1930, ambao huuacha mti ukiwa na majani ya kuridhisha na kuuozesha mzizi ndani kwa ndani, mkulima asijue mpaka siku ya kuchimba. Pwani ya Msumbiji ya kaskazini na ile ya Mtwara ni miongoni mwa makao yake makuu. Wakulima wa pande zote mbili za mto Ruvuma huithamini mbegu iitwayo Nachinyaya kwa sababu huustahimili ugonjwa huo. Kwa hiyo jamaa waliohamishwa wanapopewa shamba jipya, nasema kwa moyo wangu wote, haitoshi kupewa ekari. Wapewe ardhi iliyo karibu wanayoweza kuiendea kwa amani, wapewe na vijiti vya mbegu vilivyo salama, na minazi ya kupanda leo ingawa itazaa baada ya miaka mingi, kwa kuwa fidia ya fedha hununua mkate wa mwezi mmoja, na mti uliong'olewa ulikuwa ukitoa tui la kila siku.

Limebaki jambo la adabu, nalo si dogo. Kwetu mtu kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, na mwenye siliaki hukutwa na mtihani huu kila penye arusi, kila penye matanga, na jioni zote za mwezi wa Ramadhani, sinia likiwa limejaa sambusa, kaimati, chapati na mkate wa mayai. Wengi hula kwa kuona haya, na usiku wakaulipa. Wala kula kipande kidogo hakuna rehema, kwani kwa mwenye maradhi haya hata vumbi la unga linatosha kuujeruhi utumbo: mafuta yaliyokaangia mandazi, kibao kilichosukumiwa chapati, mwiko uliokorogea boko boko, tambi zilizoanguka katika sahani. Nawaomba kina mama na kina dada wenye majiko wasilichukulie hili kuwa ni deko. Mgeni aseme mapema, siku moja kabla, na kwa maneno ya wazi, kwamba tabibu amemkataza ngano. Na mwenyeji aliyeambiwa hivyo akaange vitumbua vyake asubuhi, katika mafuta mapya, kabla ya gunia la ngano kufunguliwa, avifunike kwa kawa katika sahani ya peke yake, na mkate wa kumimina awapikie wote walioalikwa, ili mgeni yule asiwe yeye tu anayekula kitu mbali na wenzake.